Mteja Aliyekuja Bila Kamba

Alhamisi, mwezi ishirini na tatu Shaabani, tulimzika Hidaya kwao Kirongwe. Mama yake alipoteza binti wa pekee. Duka letu lilipoteza muuzaji ambaye wateja walimuulizia kwa jina. Mimi nilipoteza mtu aliyekuwa akiniita dada kwa mapenzi, na mtu huyo nilikuwa simpendi.

Nitakayoyasema yametokea kweli. Sikuyaota wala sikusimuliwa. Niliishia darasa la saba na kupamba maneno sijui, lakini uongo sina. Kama ningetaka kudanganya, ningejitafutia nafasi nzuri zaidi katika kisa hiki.

Nimeuza nguo kwa miaka kumi na moja katika duka la Bi Nasra, hapa Kilindoni. Watu hudhani kuuza nguo ni kukaa tu. Jaribu siku moja. Asubuhi unapandisha mlango wa chuma, unafagia mchanga wa mbele, unatundika madera juu kwa mti wenye ndoano, moja moja, mpaka shingo inauma. Mchana kutwa unakunja. Mteja anafunguliwa nguo ishirini, anazipangua zote, anakwambia, "Nakuja sasa hivi," na harudi. Unakunja tena. Unamchekea mtu aliyekukera. Anakuja mama wa watu kajaa, anataka kijani kinachomfanya aonekane mgonjwa, nawe unamgeuza taratibu kwenye rangi ya papai. Hilo nililiweza, na nikawa siwadanganyi. Niliwatafutia rangi inayowapendeza kweli. Nilijivuna kwa hilo.

Kulikuwa na mambo mawili niliyoyapenda kuliko mshahara. La kwanza ni kufungua mzigo. Robota likifika kutoka Kariakoo, mimi ndiye niliyekata kamba na kutia mkono wa kwanza, harufu ya nguo mpya ikanipiga usoni. La pili ni safari. Kabla ya Idi, Bi Nasra alinichukua twende wote Dar kuchagua mzigo. Bi Nasra ni mtu wa watu, mjukuu wa Mwarabu wa Omani, mwenye mashamba, na hajawahi kupaza sauti mbele yangu. Tukiwa Kariakoo aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Mimi, niliyezaliwa kwenye nyumba ya makuti, naulizwa naonaje!

Kisha akaja Hidaya.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, shingo imesimama. Mimi ni mfupi, nimejaa kiunoni. Dera nikilivaa mimi linaonekana limechoka. Yeye hata gunia lingempendeza. Bi Nasra alimwangalia siku mbili, siku ya tatu akasema, "Hidaya, kila asubuhi vaa dera jipya, usimame mlangoni." Basi. Kuanzia hapo hatukuwa tena na haja ya kuita wateja.

"Nipe kama la yule mrefu," mama mmoja aliniambia.

"Hili hapa, mama. Rangi ileile, ua lilelile."

"Hapana, nataka lile alilovaa yeye."

"Ni moja na hili."

"Mwanangu, mimi nina macho. Lile lina neema."

Ikabidi Hidaya aende nyuma ya pazia alivue, huku akicheka. Niamini, jambo hilo lilitokea zaidi ya mara moja. Na wateja waliozoea kuniita dada wakaanza kuniita mama. Yeye ndiye akawa dada.

Ubaya ni kwamba alikuwa mwema. Angekuwa na kiburi ningepata pa kushika. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwao na korosho alizozikaanga mama yake, akanigawia zile nzimanzima, zilizovunjika akala yeye. Nikinuna alinitania. "Dada, ukikunja uso hivyo watu watadhani tunauza samaki waliolala." Nilicheka kwa meno. Ndani nilikuwa nawaka. Umewahi kumwonea wivu mtu anayekutendea mema? Ni kama kula chakula kitamu ukiwa na kidonda mdomoni.

Alhamisi moja, tukiwa tunafunga duka, Bi Nasra aliniita pembeni.

"Safari ya mzigo wa Idi nitakwenda na Hidaya," alisema. "Macho yake yanajua wanachotaka wasichana wa sasa. Wewe ubaki na duka. Nakuamini."

Nikajibu, "Inshallah, Bi."

Alidhani amenipa heshima. Usiku huo sikula. Nilimwona Hidaya akitembea Kariakoo na kuulizwa, "Wewe unaonaje?" Sikumwombea mabaya. Naapa kwa Mungu sikumwombea. Niliomba tu asiwe mrefu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Hapa lazima nieleze kitu, maana asiyefanya kazi kwenye duka letu hatakielewa. Tunauza nguo za harusi, za Idi na za watoto, na pia tunauza sanda. Jora la bafta nyeupe hukaa rafu ya chini kabisa, nyuma ya pazia, lisionekane na mteja aliyekuja kwa furaha. Bafta hiyo ina adabu zake, na Bi Nasra alinifundisha wiki ya kwanza niliyoanza kazi. Haisifiwi. Mteja wake haambiwi karibu tena. Na haipimwi kwenye mwili wa mtu aliye hai, hata kwa mchezo. Wafiwa huja na kamba waliyompimia maiti wao, wewe unailaza juu ya bafta, unachana kwa kipimo hicho. Asipokuja na kamba, unamwambia arudi kuifuata. Miaka kumi na moja nilifuata hayo bila kuuliza kwa nini.

Ijumaa adhana ikilia tunateremsha mlango wa chuma mpaka usawa wa magoti, wanaume wanakwenda msikitini, barabara inanyamaza. Siku ile nilifagia mchanga wa mbele kabla ya kuteremsha mlango. Hidaya alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani iliyopita. Aliswali, akajinyoosha kwenye mkeka nyuma ya pazia, akajifunika uso kwa mtandio ili nzi wasimsumbue. Nilibaki peke yangu kwenye kiti, nikiitazama miguu yake iliyotokeza chini ya pazia. Hata miguu yake ilikuwa mizuri.

Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama katikati ya duka.

Sikumwona akiinama kupita chini ya mlango. Nilidhani nilisinzia. Alivaa baibui la zamani, lile la kufunga kwa kamba kichwani, ambalo sijaliona limevaliwa tangu bibi yangu afariki. Uso alikuwa nao wazi, uso wa mtu mzima tu, hauna ajabu. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia marahaba. Nilimwamkia mara ya pili, nikidhani hasikii vizuri. Akawa anatazama tu madera yaliyotundikwa. Ni nani kisiwani kwetu asiyeitikia shikamoo? Hata mgomvi wako huitikia, kisha ndipo akutukane.

"Nataka bafta," alisema. "Ya mwanamke."

"Poleni na msiba, bibi. Kamba ya kipimo ipo?"

"Kamba sina."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia akaifuate. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini akaendelea, taratibu, kama mtu anayechagua kitenge.

"Ni mrefu. Mwembamba, shingo imesimama. Bado kijana. Hapa hamna mtu wa kimo hicho nikuonyeshe?"

Nilijua anamsema nani. Sitajificha nyuma ya kusema nilipumbazwa, au nilitiwa dawa, au ulimi ulisema wenyewe. Akili zangu zilikuwa zangu. Nilimfikiria Hidaya, nikafikiria Kariakoo, nikasema, "Yupo. Amelala."

"Basi pima kwake."

Nilikwenda nyuma ya pazia, yule mwanamke nyuma yangu. Nikalitoa jora, nikapiga magoti kando ya mkeka, nikaishika ncha ya bafta juu ya kichwa cha Hidaya na kuinyoosha mpaka miguuni, na kuongeza kidogo kila upande kama inavyotakiwa. Unataka kujua nilihisi nini? Nilihisi raha. Nilimtazama amelala chini ya kitambaa kile cheupe, nikawaza, hii sasa ni nguo moja ambayo haitampendeza kunishinda mimi. Ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo.

Hidaya akajigeuza. Hakuondoa mtandio usoni.

"Dada," alisema kwa sauti ya usingizi, "ndilo dera langu la Idi hilo? Mbona la baridi?"

"Lala," nikamwambia.

Akalala.

Nilikunja kipimo kile mara kadiri ya shuka zinazohitajika, nikauma pindo kwa meno kama nilivyozoea, nikachana. Sauti ya bafta ikichanika unaijua? Ni kavu. Nilikunja vipande vyote kuwa furushi moja nikampa. Wateja wote duniani hushika kitambaa kwa vidole, wakakisugua waone uzito wake. Yeye alikiinua puani akakinusa, muda mrefu, macho amefumba. Kisha akakitia kwapani. Mtaniuliza alilipa nini. Sikumbuki, na nikisema nakumbuka nitakuwa mwongo.

"Karibu tena, bibi," nikasema. Mazoea.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Kwani kuna mwingine unayemchukia?"

Nilijifanya natafuta kitu chini ya kaunta. Nilipoinuka hakuwepo. Nikaenda mlangoni, nikainama, nikatoka nje kuangalia. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, na sauti ya khatibu ilikuwa inasikika kutoka msikitini. Mchanga wa mbele ya duka ulikuwa na mistari ya ufagio wangu, mizima, kama nilivyoiacha. Mguu uliokuwa umeikanyaga ni wangu tu.

Hidaya aliamka, akanikuta nimekaa nimejikunyata. Akanigusa paji la uso kwa kiganja, akasema, "Dada, una homa. Nenda nyumbani, nitafunga mimi."

Lakini homa haikuwa yangu. Jumamosi alilalamika kichwa. Jumapili hakuja. Jumatatu walimlaza, na Jumatano jioni nilikwenda kumtazama hospitali, hakunijua. Daktari alisema malaria imepanda kichwani. Mimi sibishani na daktari. Mbu wapo, na watu wanakufa kwa malaria kila mwaka bila kupimwa na mtu yeyote. Nasema niliyoyaona tu. Alifariki Alhamisi kabla ya jua kutoka.

Saa mbili mjomba wake alikuja dukani na kamba mkononi.

"Shangazi, tupimie haraka," alisema. "Gari linasubiri, tunataka tumzike adhuhuri."

Nilikwenda nyuma ya pazia. Juu ya jora la bafta palikuwa na furushi limekunjwa. Nililijua kabla sijaligusa. Kwenye pindo kulikuwa na alama za meno yangu. Nina jino moja la mbele lililovunjika, na kitambaa nilichokiuma mimi nakitambua kati ya elfu. Vipande vyote vilikuwepo. Yule mwanamke niliyemwona kwa macho yangu akilitia furushi kwapani hakuwa ametoka na kitu.

Nilijitahidi. Nalo hilo ni kweli, nililisukuma lile pembeni nikalifungua jora ili nichane jipya. Bafta iliyobaki ilikuwa haifiki hata shuka moja. Ningeweza kukimbilia duka la pili, lipo mkabala tu. Lakini mjomba alikuwa amekwisha kuingiza mkono kwenye pazia.

"Si hii hapa imekwisha chanwa?" alisema. Akailaza kamba juu yake. Ncha ya kamba na ncha ya kitambaa zilikutana. "Alhamdulillahi. Mungu akubariki, shangazi, umeturahisishia."

Nilipanda nao gari mpaka Kirongwe. Mama yake aliniomba niingie na wanawake kumvisha. "Wewe ni dada yake," alisema. "Alikuwa hamalizi siku bila kukutaja." Niliingia. Nilimvisha kwa mikono hii. Na nikwambie jambo moja ambalo ni aibu kuliko yote. Nje watu walikuwa wamejaa mpaka chini ya mikorosho, wanawake wanalia, wateja wetu wamekodi pikipiki kutoka Kilindoni, na mimi, nikiwa nimeshika kichwa chake, niliona wivu. Niliwaza, nikifa mimi, nani atakodi pikipiki?

Baada ya matanga nilimuuliza Bi Nasra, kwa nini sanda haipimwi mpaka kamba iletwe. Sikumwambia kilichotokea.

"Mama yangu ndiye aliyeniachia hilo," alisema. "Alikuwa akisema, anayekuja bila kamba hana maiti bado. Ndiyo kwanza anamtafuta."

Safari ya Kariakoo ilisogezwa mpaka Ramadhani, na Bi Nasra alinichukua mimi. Nilipata nilichokitaka. Aliniuliza, "Wewe unaonaje?" na nilijibu, na nilichagua kwa makini kama siku zote. Mzigo ulipofika nilikata kamba, nikatia mkono wa kwanza, nikatundika. Madera yote yalikuwa marefu. Kila moja, la njano, la zambarau, la maua madogo, yote yanaburuzika sakafuni. Nilikuwa nimechagua nguo za mtu mmoja bila kujua.

"Haya mmemletea nani?" mteja mmoja alicheka. "Mmeyaleta kwa ajili ya minazi?"

Idi ile tuliuza kidogo. Bi Nasra hakunilaumu. Alikuja mlangoni, akatazama mahali Hidaya alipokuwa akisimama, akarudi ndani. Hivi sasa kuna msichana mpya, mnene, mcheshi, anaitwa Saumu. Wateja wameanza kumpenda. Asubuhi nikisikia wanamuulizia, natoka nje haraka, nakaa kwenye jua mpaka wivu utulie. Ijumaa siteremshi mlango nikiwa na mtu ndani. Kila mmoja anakwenda kwao.

Wewe unayesoma, labda unafanya kazi dukani, au ofisini, au hotelini, na kuna mtu pembeni yako anayeng'aa. Sikwambii usione wivu. Mimi siwezi kukwambia hivyo. Nakwambia ukiulizwa kuhusu mtu huyo na usiyemjua, hata kwa upole, hata kwa jambo dogo, mwambie akalete kamba yake mwenyewe. Usimwonyeshe alipolala.

Arobaini ya Hidaya iliangukia siku ya tatu ya Idi. Nilipanda bodaboda kwenda Kirongwe, watoto njiani wamevaa mapya, wanapuliza filimbi za plastiki. Kisomo kilipokwisha na watu kutawanyika, nilimfuata mama yake chumbani, nikakaa naye mkekani, nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Hata lile la raha. Alikuwa anakunja misuli, zile shuka za kiunoni walizoazimwa wageni wanaume, na hakuacha kukunja.

"Aliamka?" aliniuliza.

"Alizungumza kidogo, mama. Aliuliza kama ni dera lake la Idi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia lala."

Aliweka msuli wa mwisho juu ya mingine, akausawazisha kwa kiganja. Akasimama, akatoka nje. Nilidhani anakwenda kulia, nikamfuata mpaka kizingitini. Viatu vyangu nilikuwa nimeviacha hapo, vimeelekea ndani ya nyumba kama nilivyovivua. Mama Hidaya aliinama, akavishika kimoja kimoja, akavigeuza vikaelekea barabarani. Kisha akaingia jikoni.

Nilivivaa nikaondoka.